Mtikisiko unaofika sebuleni kwako ni baruti iliyoshindwa kuvunja jiwe

Kila mkutano wa kijiji unaoitishwa karibu na mgodi au machimbo ya kokoto huku nyanda za juu kusini, kuanzia Chunya mpaka vijiji vya Iringa, lazima ifike saa mtu asimame aseme nyumba yangu imepasuka kwa ajili ya baruti zenu, na lazima upande wa pili awepo wa kumjibu kwamba mzee wangu huo ufa ulikuwepo siku nyingi, msingi wako haukwenda chini. Kikao kinachemka, mwenyekiti anapiga meza, mwisho wanakubaliana iundwe kamati, na wiki inayofuata baruti inapigwa saa ileile na ufa uko palepale. Haya mabishano nimeyafuatilia muda mrefu na kinachoniuma sio kwamba watu wanabishana, kinachoniuma ni kwamba wanabishania kitu kinachopimika. Kinachotokea ndani ya mwamba baruti ikilipuka kinajulikana, kimeandikwa, kimepimwa miaka mingi, na ukikielewa unaona kabisa kwamba mwenye mgodi na mwenye nyumba wako upande mmoja ila hawajui.

Msimamo wangu nauweka mapema. Mtikisiko unaomfikia mama anayepika nyumbani kwake kilomita moja kutoka mgodini, sehemu kubwa yake ni nguvu iliyonunuliwa kwa hela ikatumwa kuvunja jiwe, ikashindwa, ikaondoka. Hata mlipuko uliopangwa vizuri namna gani utatoa mawimbi kidogo, hilo halikwepeki, lakini mlipuko unaotetemesha kijiji kizima karibu kila mara ni mlipuko uliopangwa vibaya, na aliyeupanga amepata hasara yeye kwanza kabla ya jirani.

Tuanzie ndani ya tundu. Vijana wamechoronga, wameweka baruti na fataki ya kuiwasha, wameziba mdomo. Mlipuko ukianza unakimbia ndani ya baruti yenyewe kwa kasi ya kilomita 3 mpaka 5 na zaidi kwa sekunde kutegemea aina, na mgandamizo unaopiga kuta za tundu unafika makumi ya maelfu ya mara ya mgandamizo wa hewa tunayopumua. Graniti nzuri, ile ngumu kabisa ya kuzunguka Iringa mjini, ukiikandamiza inavumilia kiasi cha mara elfu moja mpaka elfu mbili na nusu tu. Kwa hiyo jiwe lililogusana na tundu halina ujanja, linasagika linakuwa unga. Ukienda upana wa tundu mara mbili tatu hivi unga unaisha, kwa sababu wimbi limeshatanuka na limeshapungua makali. Na hapa ndo watu wengi wanapopotea, wanadhani mwamba wote unavunjwa kwa kukandamizwa namna hiyohiyo. Hapana. Mwamba ni mgumu mno kwa kukandamizwa lakini ni dhaifu kwa kuvutwa, uwezo wake wa kuhimili kuvutwa ni kama moja ya kumi tu ya ule mwingine. Wimbi likitanuka kutoka kwenye tundu linasukuma jiwe nje pande zote, na jiwe likisukumwa nje lazima duara lake liwe kubwa zaidi, likiwa kubwa linavutika kwa pembeni, likivutika linachanika. Ndo maana nyufa za kwanza zinatoka kwenye tundu kwenda nje kila upande, ukipata bahati ya kuona mwamba uliokatwa karibu na tundu la zamani unaziona vizuri, na katikati kuna kale kaunga keupe.

Sasa wimbi linaendelea mbele. Likikuta mwamba unaendelea, linapita. Likikuta mwamba umeisha na mbele ni hewa, hapo mambo yanabadilika kabisa. Fikiria watu waliobanana kwenye daladala pale Kabwe, Mbeya mjini, mlango uko wazi, mtu wa nyuma akasukuma: msukumo unapita mtu kwa mtu, wa katikati wanayumba wanarudi walipokuwa, ila yule wa mlangoni hana wa kumpokea, anatupwa nje. Jiwe la ukingoni linafanywa hivohivo. Wimbi lililokuja likikandamiza linageuka linarudi likivuta, na kwa vile jiwe halijui kuvumilia kuvutwa, linabanduka vipande vipande kuanzia kwenye uso wazi kurudi ndani. Afu nyuma yake inakuja gesi ya moto iliyozalishwa na baruti, inaingia kwenye nyufa zilizokwisha funguka, inazipanua, inasukuma lundo lote mbele. Wataalamu wamebishana miaka mingi kazi kubwa inafanywa na wimbi au inafanywa na gesi, na jibu la busara ni kwamba vinasaidiana, wimbi linachana na gesi inabomoa, na uzito wa kila kimoja unategemea jiwe na baruti iliyotumika.

Mimi naona siri yote ya mgodi na ya jirani iko kwenye hilo neno uso wazi. Kama tundu liko mbali mno na uso wazi, au tundu zote zimewaka kwa pamoja na zile za pembeni hazijapata pa kutupia jiwe, nguvu inafanyaje? Haiwezi kupotea. Inaingia kwenye mwamba uliobaki na kuondoka kama mtetemo. Kwenye duara la mchimbaji mdogo, yaani shimo lake la kuchimbia, ukishuka asubuhi baada ya moshi kuisha utaona ushahidi wake bila kifaa chochote: vitako vya tundu vimebaki kwenye uso wa mwamba, kina cha kiganja au cha mkono mzima, baruti imewaka kweli lakini jiwe halijatoka. Tundu lile limekula baruti, limekula fataki, limekula jasho la kijana aliyechoronga, na kilichotoka ni moshi na mtikisiko. Mwenye duara akiona vitako vingi anasema leo jiwe limegoma. Ukweli ni kwamba jiwe halijagoma, halikupewa mahali pa kwenda. Ndo maana wanaojua kazi wanaanza na tundu za katikati, na tundu moja au zaidi linaachwa tupu bila baruti makusudi ili liwe ndo uso wazi wa kwanza, hizo zikishafungua nafasi zinafuata za pembeni, halafu za chini na za juu, kila moja kwa zamu yake.

Na zamu yenyewe ni ya milisekunde. Hapa ndo pana hesabu ambayo ningependa kila mwenyekiti wa kijiji kilichopakana na mgodi aijue, sio ngumu. Kinachoamua ukubwa wa mtikisiko nyumbani kwako sio jumla ya baruti iliyopigwa siku hiyo, ni kiasi kilichowaka kwa mara moja, na umbali. Kanuni ya makadirio inayotumika sana ni kuchukua umbali kwa mita ukagawa kwa kipeuo cha pili cha kilo zinazowaka pamoja, jibu likiwa kubwa mtikisiko ni mdogo. Tuseme machimbo yana tani 2 za baruti na nyumba ya karibu iko mita 500. Wakizilipua kwa mkupuo mmoja, kwenye mwamba wa kawaida ardhi pale nyumbani inatarajiwa kutikisika kwa kasi ya kama milimita 24 kwa sekunde. Wakizigawa mafungu 20 ya kilo 100, kila fungu likapishana na lenzake kwa milisekunde kadhaa (kwa kawaida wanataka angalau 8), mtikisiko unashuka mpaka milimita 2 na kidogo. Baruti ni ileile, jiwe ni lilelile, mlio masikioni mwako utauona ni mmoja kwa sababu sikio la mtu halitenganishi milisekunde, lakini ukuta umepokea chini ya moja ya kumi. Na jiwe linavunjika vizuri zaidi maana kila fungu limemfungulia mwenzake njia! Nikisema mwenye mgodi na jirani wako upande mmoja ndo ninachomaanisha, sio maneno ya kupatanisha watu.

Milimita 24 ni nyingi au chache? Marekani, Ofisi ya Migodi ya serikali yao ilitoa utafiti mkubwa mwaka 1980 kuhusu nyumba na milipuko ya migodi, wakapendekeza kwamba mtikisiko wa mawimbi ya polepole usizidi milimita 12.7 kwa sekunde kwa nyumba za plasta ya zamani na 19 kwa nyumba za bodi za kisasa, ukiwa wa mawimbi ya harakaharaka unaweza kufika 50. Wajerumani ni wakali zaidi, kwa nyumba za kuishi wanaanzia milimita 5. Binadamu je? Mtu aliyekaa kimya anaanza kuhisi hata chini ya milimita 1. Angalia hilo pengo. Mama anahisi kitanda kinacheza, moyo unampiga, anatoka nje anaangalia ukuta, na kwa mara ya kwanza anauangalia kwa makini, anaona ufa. Hadanganyi kwamba kahisi. Na mwenye mgodi naye inawezekana hadanganyi akisema hajavuka kipimo. Ila hapo bado kuna swali ambalo linanikera kuliko yote, nitalirudia chini: hivyo vipimo vya nani, vya nyumba gani?

Kuna jambo jingine linalochanganya watu, nalo ni hewa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya duka kijiji kimoja cha Chunya, wote tunajua saa ya baruti imefika, mbele yetu kuna ndoo ya maji haina mfuniko. Kwanza maji yalitetemeka, viduara vidogo vinatoka ukingoni vinakutana katikati, na chini ya miguu kitu kimepita kama hakijapita. Kimya. Ukavuta pumzi, ukaiachia, ndo ukaja mlio na mabati ya duka yakagonga, chupa za soda zikalia kwenye kreti. Muuza duka akasema hiyo sasa ndo ya nyumba, hiyo ya pili. Wimbi la ndani ya mwamba linakwenda kama kilomita 5 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita moja limeimaliza kwa sehemu ya tano ya sekunde. Sauti ya hewani inakwenda mita 340 tu kwa sekunde, kilomita hiyohiyo inaitafuta kwa sekunde 3. Madirisha na mabati yanapigwa zaidi na hiyo ya pili, na hiyo ya pili inatokana hasa na tundu zisizozibwa sawasawa mdomoni, gesi imetoka juu badala ya kukaa ndani ikabomoa. Tena hasara ileile! Kijiji kikijua kutofautisha haya mawili kinaweza kulalamika kwa usahihi, na malalamiko yenye usahihi ni magumu kuyapuuza. Mabati yanalia sana ila miguuni hamsikii kitu, waambieni wazibe tundu vizuri. Miguuni mnasikia sana, waambieni wapunguze kilo za mkupuo mmoja.

Turudi kwenye mawimbi yenyewe maana ndo yanayosafiri. La kwanza linafika ni lile la kusukuma na kuvuta, linaitwa wimbi la P. Linafuata la kuyumbisha pembeni, S, kwenye graniti linakwenda kama kilomita 3 na kidogo kwa sekunde. Mwisho kabisa yanakuja yanayotambaa juujuu ya ardhi, hayo ndo mazito na hayachoki haraka. Kwenye mwamba mtupu mtikisiko unakuwa wa harakaharaka, mzito kwa karibu ila unakufa mapema. Kwenye udongo laini ni kinyume, mawimbi yanapunguza mwendo, yanapanuka, yanayumbisha polepole, na nyumba ya chini isiyo ghorofa nayo ina tabia yake ya kuyumba mara 4 mpaka 12 kwa sekunde, mtikisiko ukija na mwendo huohuo nyumba inaupokea na kuuzidisha. Sasa angalia tunakaa wapi. Milima ya Rungwe, Ngozi na Kyejo ni volkano, imemwaga majivu na mawe mepesi maelfu ya miaka, na udongo tunaousifia kwa viazi na ndizi ndo huohuo. Nyumba mbili zilizo umbali mmoja kutoka mgodini, moja imekaa juu ya mwamba na nyingine juu ya majivu, hazipati mtikisiko sawa hata kidogo. Mtu anayesema mbona nyumba ya fulani iko karibu zaidi na haijapasuka, hajathibitisha chochote.

Hapohapo lazima niseme na upande mwingine, kwa sababu kuna maneno yanazunguka kila ardhi ikitikisika Mbeya kwamba ni migodi inatuletea matetemeko. Hapana jamani. Mbeya iko pale bonde la ufa linapogawanyika, upande mmoja Rukwa, upande mwingine Usangu, kusini Ziwa Nyasa, ardhi hapa inavutwa tangu kabla hatujawepo. Tarehe 13 Desemba 1910 lilipiga tetemeko la ukubwa wa 7.4 huko Rukwa, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika, na Desemba 2009 Karonga, ng'ambo tu ya Kyela, ilitikisika mfululizo na kubwa lao lilikuwa kama 6. Ukipiga hesabu ya nguvu iliyotoka kama mawimbi peke yake kwenye lile la 1910, ni sawa na nguvu yote ya karibu tani milioni 2 za baruti kali ya TNT. Na baruti haitoi nguvu yake yote kama mawimbi, inatoa asilimia chache tu, nyingine inaishia kwenye kusaga, kuchana, kutupa mawe na kupasha joto. Hakuna mgodi wowote nchini unaokaribia hata kivuli cha hapo.

Waliojaribu kwa makusudi na kwa ukubwa wa kutisha ni Wamarekani. Tarehe 6 Novemba 1971, kisiwa cha Amchitka huko Alaska, walilipua bomu la nyuklia la karibu megatani 5, yaani nguvu ya tani milioni 5 za TNT, kwenye shimo la kina cha mita 1,800 hivi, eneo ambalo lenyewe ni la matetemeko makubwa, na dunia nzima ilikuwa na hofu litaamsha tetemeko kubwa. Mtikisiko wake ulikaribia 7, ardhi juu ya shimo ilinyanyuka kama mita 6, ikafuata mitikisiko midogo na mwamba kuporomoka ndani, tetemeko kubwa lililoogopwa halikuja. Tetemeko kubwa linalipwa kwa mvutano uliokusanyika miaka mamia kwenye ufa mrefu, mlipuko hauwezi kuukopesha. Kwenye migodi ya kina kirefu sana kama ile ya Afrika Kusini inayopita kilomita 3 chini, mwamba kweli hupasuka wenyewe kwa uzito ulio juu yake, ila maduara ya Lupa kule Chunya hayajafika huko.

Mabomu hayo ya chini ya ardhi yana somo jingine kwetu, na ndo lililonifanya niandike. Tarehe 19 Septemba 1957 huko Nevada ulifanyika mlipuko wa kwanza wa nyuklia uliofungiwa kabisa chini ya ardhi, Rainier, kilotani 1.7 (kilotani moja ni nguvu ya tani elfu moja za TNT), mita 274 chini. Walipochimba baadaye kwenda kuangalia wakakuta hadithi ileile ya tundu la mchimbaji ila kwa ukubwa mwingine: katikati mwamba uliyeyuka ukawa kioo, ukafunguka uwazi wa nusu kipenyo cha kama mita 19, nje yake jiwe lililosagika, nje yake nyufa, afu dari likaporomoka likaacha nguzo ya mawe yaliyobomoka zaidi ya mita 100 kwenda juu. Mwanzoni mwa 1958 tume ya nishati ya atomiki ya Marekani ikatangaza kwamba mtikisiko wa Rainier haukusikika mbali zaidi ya maili 250, yaani kilomita 400, na maana yake kisiasa ilikuwa kubwa, kama hausikiki basi mkataba wa kupiga marufuku majaribio hauwezi kusimamiwa, watu watadanganya. Mwandishi wa habari mmoja, I. F. Stone, aliyekuwa anachapa kijarida chake mwenyewe, hakukubali. Akawaendea wanaosoma seismografu, vifaa vya kuandika mitikisiko ya ardhi, za serikali hiyohiyo, akakuta orodha ya vituo vilivyouona mlipuko ule mpaka Fairbanks, Alaska, kama kilomita 3,700. Tume ikalazimika kurekebisha tamko lake.

Hebu kaa na hilo kidogo. Hakuwa na mabavu, hakuwa na wakili, hakufanya maandamano. Kilichomshinda mkubwa ni mstari uliochorwa na sindano ya kifaa kilichokuwa kimekaa kimya Alaska kikifanya kazi yake.

Tangu hapo sayansi imekwenda mbali. Tetemeko ni vipande viwili vya ardhi kuteleza, kwa hiyo vituo vya upande mmoja vinasukumwa na vya upande mwingine vinavutwa. Mlipuko unasukuma pande zote kwa mara moja, wimbi la kwanza linawafikia wote likiwa la kusukuma, na unatoa P kubwa huku mawimbi ya juujuu yakiwa madogo ukilinganisha na tetemeko la ukubwa huohuo. Mkataba wa 1996 wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia umepangiwa vituo 337 duniani, 170 kati yake vya kusikiliza ardhi, jirani zetu wanavyo Kilimambogo Kenya na Mbarara Uganda, na Dar es Salaam kipo kituo cha kunasa chembe za mionzi hewani. Korea Kaskazini ilipolipua kwa mara ya kwanza 2006, mlipuko usiofika hata kilotani moja, dunia iliuona. Ule wa Septemba 2017 ulipima 6.3, na dakika 8 hivi baadaye vifaa vikaona mwamba wa mlima ukiporomoka ndani. Wameona mpaka kuporomoka, mlima uko nchi iliyofungwa, hakuna mwandishi aliyeruhusiwa kukanyaga!

Kuna watu waliojiuliza kama mlipuko unaweza kufichwa, wakajaribu. Huko Mississippi, Marekani, mwaka 1964 walilipua kilotani 5.3 kwenye mwamba wa chumvi, ukaacha chumba cha wazi chini kwa chini. Mwaka 1966 wakalipua bomu dogo katikati ya chumba hichohicho, na mtikisiko ukatoka mdogo kama mara 70 kuliko ambavyo ungetoka kama bomu lingegusana na mwamba. Hewa iliyolizunguka ilimeza pigo. Kwa mlipuaji wa Makongolosi, Chunya, hiyo ni habari ya kazini kabisa, maana baruti nyembamba iliyolegea kwenye tundu pana inapoteza makali hivohivo, na wanaotaka ukuta wa mwamba ubaki laini bila nyufa wanaitumia hiyo makusudi kwenye mstari wa tundu za mwisho. Tazara ilitobolewa milimani mahandaki zaidi ya 20, mengi yake ni kati ya Mlimba na Makambako, na mtambo wa umeme wa Kihansi wa megawati 180 umekaa ndani ya pango lililochongwa kwenye mwamba. Nyanda za juu hii sio mara ya kwanza kukaa na baruti, na pango ambalo watu wanafanya kazi ndani yake huwezi kulilipua hovyo ukategemea dari likae.

Sasa turudi kwenye ufa wa mzee. Kama dunia inaweza kutofautisha mlipuko wa Korea Kaskazini na tetemeko, inashindikanaje kujua milimita ngapi zimefika kwenye nyumba ya mzee aliye mita 400 kutoka machimbo? Haishindikani. Kifaa cha kupimia kinabebwa kwenye begi, jiofoni zake tatu, yaani vipokea mtikisiko, zinafungwa pamoja zinapima juu-chini, mbele-nyuma na pembeni, kinachimbiwa kidogo karibu na msingi, kinajiwasha chenyewe mtikisiko ukipita na kuandika tarehe, saa na kiasi. Makampuni makubwa mengi wanavyo. Tatizo ni kwamba namba zinakaa ofisini kwao. Mimi nasema namba hizo ziwe zinabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji wiki hiyohiyo, saa ya mlipuko, kilo za mkupuo mmoja, umbali wa nyumba ya kwanza, milimita zilizopimwa. Na kabla machimbo mapya hayajapiga hata tundu moja, nyumba zote za karibu zipigwe picha ukuta kwa ukuta, kila ufa uwekewe rula pembeni na tarehe, mwenye nyumba abaki na nakala yake. Simu kila mtu anayo. Ufa wa zamani utabaki na picha yake na ufa mpya utajulikana, na yule aliyejenga vibaya pia atajulikana, sina tatizo na hilo.

Kwa wachimbaji wadogo sidai kifaa cha mamilioni. Nadai mlipuaji mwenye cheti, na hilo sheria inalitaka tayari. Nadai tundu zizibwe, zilipuliwe kwa zamu, na vitako vihesabiwe kila asubuhi na kuandikwa kwenye daftari, maana mwenye duara anayehesabu vitako ataacha mwenyewe kupoteza baruti bila kuhubiriwa na mtu.

Limebaki lile swali la vipimo vya nani. Milimita 12.7, 19, 5, zote zimetoka kwenye nyumba za Wamarekani na Wajerumani. Nyumba nyingi za vijijini kwetu ni tofali za kuchoma kwa kuni kwenye tanuru la nyuma ya nyumba, zile za katikati zimeiva na za pembeni mbichi, zimeunganishwa kwa tope, plasta ya saruji ndani tu, hazina mkanda wa zege juu ya madirisha. Nyumba hiyo inavumilia milimita ngapi kabla kona ya dirisha haijachanika? Namba hiyo haiwezi kutoka Washington. Mbeya kuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, MUST, kina walimu na vijana wa uhandisi wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka. Wajenge kuta za tofali za Chunya, za Rungwe na za Iringa kwa tope letu na kwa mafundi wetu, wazitikise milimita 2, 5, 10, 20, mara moja na mara mia, kwenye udongo wa majivu na kwenye mwamba, waandike ufa wa kwanza umeanzia wapi. Gharama yake ni tofali, fundi na muda, na ikitoka, mwenyekiti wa kijiji ataingia kwenye kikao kijacho na karatasi moja mkononi.